Kikombe cha Kadeghe

1

Mgeni alitokea siku ya kuanika tangawizi. Tulikuwa uani, mimi nimekaa kwenye kigoda nakata vipande, Mama ameinama anavitandaza kimoja kimoja juu ya turubai lake la kisasa, lile linalolia hewa ikianza kuwa na unyevu. Lilikuwa linalia tangu saa tatu. Mama hudai linadanganya. Hodi ilisikika upande wa migomba, ambako hakuna mlango wala njia, akatokea mwanamume wa miaka arobaini hivi, begi dogo mgongoni, viatu vyeusi vya mjini vimegeuka vyekundu kwa udongo wa mlimani kwetu. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni. Aliamkia akiwa bado mbali, shikamoo iliyosikika kama aliifanyia mazoezi tangu Same mjini, na Mama akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

Akaulizwa anatoka wapi. Mpanda, akasema, siku mbili njiani. Mama akacheka. Akamwambia kama amekuja kudai shamba asubiri zamu yake, maana huku Upareni kesi ya mpaka hurithiwa kama ng'ombe, na yeye mwenyewe anazo mbili alizoachiwa na baba yake. Mgeni akatabasamu, akasema hakuja kudai shamba.

"Naitwa Kadeghe," akasema. "Kadeghe wa Elinazi."

Mama hakuinuka. Aliendelea kutandaza vipande ambavyo alikwisha kuvitandaza.

Nyumbani kwetu jina hilo lilikuwa halitamkwi. Lilikuwa jina la babu yangu, baba yake Mama, aliyekufa kabla sijazaliwa baada ya miaka kumi na miwili ya mtikisiko. Ndivyo ukoo ulivyouita ugonjwa ule: mikono huanza kucheza yenyewe, kisha miguu, kisha mtu husahau hata watoto wake. Babu alikuwa amepewa jina la babu yake, ambaye naye alitikisika, na wazee wakaona jibu wamelipata. Ugonjwa unafuata jina. Siku ya matanga wakakubaliana kwamba hakuna mtoto atakayeitwa Kadeghe tena, na kuanzia hapo Babu akawa Mzee Yule.

Kwetu mtoto hupewa jina la mkubwa aliyetangulia, na huitwa kwa heshima ya huyo mkubwa. Mimi ni Nakiete, jina la bibi mzaa Mama, ndiyo maana Mama akifurahi huniita "Mama" na wageni wakatuangalia kwa mshangao. Kwa hiyo kulizuia jina si jambo dogo. Ni kumwambia marehemu kwamba hakuna atakayemwita. Mjomba Elinazi, kaka yake Mama, alikataa. Akagombana na wazee, akafunga mizigo, na miaka mingi baadaye tulisikia tu kwamba yuko Mpanda.

"Elinazi yuko wapi?" Mama akauliza mwishowe.

"Alifariki miaka minne iliyopita, Shangazi." Akautoa mkono mfukoni. Kidole cha mwisho kilikuwa kinaruka kidogo kidogo, kama kope la mtu aliyekosa usingizi. "Kwa hiki."

Turubai lililia tena, na safari hii mvua ikaja kweli.

2

Tuliingiza tangawizi jikoni, sisi watatu, tukakaa katikati ya harufu yake. Mama alimlilia kaka yake bila kelele, huku akichochea moto, kisha akajifuta kwa ncha ya kanga na kuchemsha chai. Akamimina vikombe vitatu. Changu kilijaa. Chake pia kilijaa, kile cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu ambacho hunywea yeye peke yake. Cha Kadeghe kilifika nusu. Nilikiona, nikadhani maziwa yamekwisha.

Kadeghe alikuwa hakumtafuta Mama tu. Alikuwa amenitafuta mimi. Katika orodha ya wasomaji wa jeni wa kata zote alikuta jina Nakiete, kata ya kwao baba yake, na baba yake alikuwa amemsimulia sana habari za mama yake, Nakiete wa kwanza. Akapanda basi.

Kazi yangu naipenda, na nilipokuwa chuoni nilijifunza kuieleza kwa maneno ambayo mtu anaweza kwenda nayo nyumbani. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba, moja ya mama. Kwa magonjwa mengine, kama selimundu, nakala moja nzima inatosha kumlinda mtu, na huweza kuibeba ile mbovu maisha yake yote asijue. Mtoto huumwa pale tu anapopata mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Mtikisiko hauko hivyo. Nakala moja mbovu inatosha. Na kila mimba inapotungwa, mzazi aliye nayo hutoa moja kati ya mbili, kama mtu anayerusha sarafu. Mtoto wa kwanza akiipata, wa pili hapunguziwi kitu wala haongezewi. Sarafu inarushwa upya.

Dawa ilipatikana nikiwa mwaka wa pili. Sisi wanafunzi tuliiita ufunguo, na siku ile tulicheza muziki kwenye korido ya maabara. Huifunga nakala mbovu, ikaiacha ile nzima ifanye kazi yake. Lakini lazima ichongwe upya kwa kila ukoo, kwa kufuata alama ndogo ndogo zilizo kando ya jeni, na kisomaji changu cha zahanati, kifaa cha ukubwa wa chupa ya chai, huikata jeni vipande vifupi mno. Kinaziona alama zote, ila hakijui zipi ni za nakala ipi. Hapo ndipo anapohitajika ndugu mwenye nakala mbovu ileile. Zile alama wanazofanana ndizo tunazozitaka.

Bila ndugu, kuna mashine kubwa Dodoma inayosoma uzi mzima. Foleni yake ilikuwa miezi mitano. Na ufunguo hauanzishwi zikipita siku tisini tangu dalili ya kwanza. Kadeghe alikuwa amebakiwa na kumi na tisa.

Nikamwuliza kuhusu ndugu wengine. Alizaliwa peke yake. Mama yake alitangulia zamani, na baba yake alizikwa bila mtu yeyote kufikiria kuchukua sampuli. Alikuwa na binti wa miaka tisa, Namsifu, lakini sheria inakataza kumsoma mtoto kwa ugonjwa wa ukubwani. Atachagua mwenyewe akifika umri.

"Na hata ingeruhusu," akasema, "nisingemfanya binti yangu awe dawa yangu kabla hajajua kuzidisha."

Kwa hiyo tulibaki watu wawili duniani. Mama, ambaye baba yake alikuwa na nakala mbovu: nusu kwa nusu. Na mimi, ambaye ningeweza kuipata kwa Mama tu, kama yeye anayo: robo.

Mama aliendelea kuchochea moto. Alipozungumza hakumtazama Kadeghe. Alisema Elinazi alionywa asimpe mtoto lile jina, na sasa ona, jina limemfuata mtoto wa watu mpaka Mpanda.

"Mjomba hakuitwa Kadeghe, Mama," nikasema. "Aliitwa Elinazi, na mtikisiko ulimpata."

Nikamkumbusha pia baba yake Babu, yule kijana aliyeangukiwa na mti akiwa na miaka ishirini na saba, ambaye wazee husema ugonjwa ulimruka. Haukumruka. Alikufa kabla haujajionyesha, na alikuwa ameshamwachia mwanawe. Mama akainuka, akasema anakwenda kuangalia tangawizi. Tangawizi yote ilikuwa hapo jikoni, miguuni pake.

3

Siku niliyoondoka kwenda chuo, miaka sita nyuma, Mama alinisindikiza hadi kituo cha basi akiwa amebeba makande kwenye kontena, na akaniomba jambo moja. Alijua ninakwenda kusomea nini. Akaniambia nisome watu wote wa dunia, ila si yeye, na nisijisome mimi, kwa sababu nikijikuta nina nakala mbovu nitakuwa nimemsoma yeye. "Nimezoea kutojua," akasema. "Ni kama godoro, nimeshalifanyia shimo langu." Nikaahidi huku nakula. Ilikuwa ahadi nyepesi wakati ule. Ufunguo haukuwepo bado.

Asubuhi iliyofuata, Mama alipokuwa anamkatia ng'ombe majani, nilichukua kile kikombe cha bati kutoka mezani. Alikuwa amekwisha kunywea na hajakiosha. Nikakifunga kwenye kanga, nikakiweka kwenye mkoba, nikateremka kwenda zahanati.

Kisomaji kinahitaji mate kidogo tu. Nilifika kabla ya wagonjwa, nikafunga mlango, nikavaa glavu, nikatoa pamba. Nilikuwa na kila sababu. Kama Mama hana nakala mbovu, asingejua kamwe kwamba nilitazama, na mimi ningelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Kama anayo, ningewaokoa wawili, Kadeghe na yeye, maana alama zitakazochonga ufunguo wa mmoja ndizo za mwingine. Ni hesabu ambayo ningempa mwanafunzi na ningemtaka aifanye haraka.

Kisomaji hakianzi kabla hakijauliza. Kiliuliza, kama kinavyouliza kila siku: mwenye sampuli ameridhia? Chini yake kuna mahali pa kuweka kidole gumba. Kidole kinachokubaliwa pale ni cha msomaji, kwa sababu serikali inatuamini. Nimebonyeza mara mia sita na kitu, na kila mara aliyeridhia alikuwa amekaa mbele yangu, ananiangalia.

Pamba ilikuwa karibu kabisa na ukingo wa buluu. Niliona doa la majani ya chai, na alama ya mdomo wake. Nikawaza jioni, Mama anakunywea kikombe hiki, ananisimulia habari za kesi ya mpaka, na mimi namsikiliza nikijua kitu kuhusu mwili wake ambacho yeye alinisihi nisikijue. Ningemwangaliaje? Nikamwaza na Namsifu, ambaye simjui, ambaye baba yake amekataa kumgusa ingawa maisha yake mwenyewe yanategemea.

Nikaitupa pamba. Nikawahudumia watu wanne waliokuja asubuhi ile, mmoja wao mchumba aliyekuwa na hofu ya selimundu na akaondoka anaimba, na saa sita nikapanda mlima na kikombe cha Mama. Nilikuwa nimebaki na ahadi yangu, na Kadeghe alikuwa amebaki na siku kumi na nane.

4

Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki.

Nikakaa chini yake. Nikakitoa kikombe, nikakiweka kati yetu, nikamwambia nilichotaka kufanya na nilipoishia. Sikujitetea. Alikisogeza karibu, akakiangalia ndani kama vile ningeweza kuwa nimeiba kitu humo.

"Hukunisoma?"

"Sikukusoma."

"Na sasa yule kijana atapona vipi?"

Nilimwambia nitaandika barua Dodoma, nitampigia simu mwalimu wangu, nitaomba foleni ipunguzwe. Alinisikiliza kwa upole, kama alivyokuwa akinisikiliza nilipokuwa na miaka mitano na nikimweleza jinsi nitakavyomjengea nyumba ya ghorofa.

Kisha akanisimulia habari ambayo hakuwahi kunisimulia. Babu alipoanza kutikisika, watu walianza kumpa chai nusu kikombe. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walikuwa wanaokoa nguo zake, wanaokoa sakafu. Harusini nusu, msibani nusu, kwa ndugu zake mwenyewe nusu, na kila mara Babu alikiangalia kikombe, akashukuru, akanywa. Siku moja akiwa na Mama tu, ambaye alikuwa na miaka kumi na mmoja, akamwambia kwamba afadhali chai yote imwagike kuliko kupewa nusu kama mtoto. Mama akamwahidi. Alimjazia mpaka ukingoni, asubuhi na jioni, miaka yote iliyobaki, na chai ikawachoma wote wawili mikono. Ndipo Babu akamwachia kikombe chake. Akasema akija mwenye jina lake ampe chai kwacho, na asimpe nusu.

"Halafu wazee wakasema hakuna atakayekuja na jina hilo," Mama akasema. "Nikashukuru, Nakiete. Nilishukuru. Nilidhani tukilizika jina tumeuzika ugonjwa." Akagusa ukingo wa buluu. "Jana amekuja. Nikaona kidole chake, na mkono wangu wenyewe ukapima nusu. Uliniona?"

"Nilidhani maziwa yamekwisha."

"Maziwa yalikuwepo."

Akakiosha kikombe pale pale kwa maji ya ndoo, akakifuta kwa kanga, ndani na nje, muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Kamlete kutoka kule migombani," akasema. "Na mashine yako uilete hapa hapa. Sisomwi kwenye kiti cha serikali, nasomwa jikoni kwa baba yangu."

Ilinibidi nimwambie, kwa sababu ndiyo kazi yangu na kwa sababu alikuwa mama yangu, kwamba hatutaweza kumficha jibu. Kama alama zikilingana, ufunguo wa Kadeghe utachongwa, na yeye atajua. Zisipolingana, pia atajua. Hakuna njia ya kumsaidia Kadeghe na kubaki kwenye godoro lake.

"Nilisoma mpaka darasa la saba, Nakiete," akasema. "Hilo nimelijua tangu jana."

5

Kisomaji kilitumia dakika arobaini. Nilikiweka juu ya meza, kati ya sahani ya viazi na fungu la tangawizi, na kilipouliza kama mwenye sampuli ameridhia, Mama alinishika mkono kabla sijabonyeza, akaweka kidole chake juu ya changu, tukabonyeza pamoja. Kadeghe alibonyeza kwa ajili ya sampuli yake kwa namna hiyo hiyo, kwa mkono wa kushoto, kwa makusudi.

Tulikaa kungoja. Kadeghe alisimulia habari za Mjomba, ambaye kumbe aliuza spea za baiskeli Mpanda na alikuwa na kesi mbili mahakamani hadi siku anakufa, moja ya mpaka. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwambia hakuna haja ya kisomaji, ukoo umeshathibitishwa. Ndani ya kile kicheko niliona jinsi alivyokuwa anaikwepa meza kwa macho, na nikamsogelea, nikamlalia begani.

Kifaa kikalia. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba sitamwacha asomewe na kioo.

"Sema wewe," akasema.

"Zimelingana, Mama. Zote kumi na nne."

Nje ng'ombe alikuwa anakuna pembe kwenye nguzo ya banda. Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeulizwa kama anamfahamu fulani, akakubali kwamba anamfahamu.

"Kwa hiyo wake utachongwa."

"Ndege ya sampuli inapita kesho saa nne. Ndani ya siku kumi ufunguo utakuwa hapa. Na wako pia, Mama. Ni ufunguo mmoja. Wewe hujaanza, unaingia kabla ya mlango kufungwa."

"Na wewe?"

"Mimi sarafu yangu imesharushwa. Haijatazamwa tu."

Jana ilikuwa robo. Sasa ilikuwa nusu, na wote watatu tulijua. Mama akanipapasa kichwa, akasema ahadi ya kituo cha basi ameifuta. Nitazame siku nitakayotaka mimi, na kama sitaki, nikae. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Mikono ndiyo haikuwa. Ilikuwa inatetemeka alipoinuka, na sikujua kama ni kwa sababu ya siku ile, au uchovu, au mwanzo wa kitu, na nikajizuia nisiitazame kama msomaji.

Akaiepua birika. Akakichukua kikombe cha bati, akamimina chai ya tangawizi, na hakusimama kwenye nusu, wala robo tatu. Alimimina mpaka chai ikapanda juu ya ukingo wa buluu na kuvimba pale, bado haijaanguka. Akakibeba kwa mikono miwili hadi alipokaa Kadeghe.

"Shangazi, itamwagika," Kadeghe akasema.

"Imwagike."

Kadeghe aliinuka kukipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kumpokea mkubwa kitu. Kidole kile kikaruka. Chai ikashuka pande zote, juu ya vidole vyake na juu ya vidole vya Mama, ya moto, moja kwa moja kutoka jikoni, na Mama hakuachia. Walisimama hivyo, mikono minne kwenye kikombe kimoja, na kutoka nilipokaa nisingeweza kusema ni upi uliokuwa unautikisa mwingine.

"Kunywa, Baba," akamwambia.

Kadeghe akanywa. Aliposhusha kikombe, Mama alikuwa ameshaichukua tena birika, vidole vyekundu, na akajazia pale palipopungua.